Sauti Yangu Iko Machame

1

Kila siku saa mbili kamili asubuhi mlango wa nyumba yangu unanikana.

"Fungua," nasema.

"Sauti hii haipo hapa," unajibu.

"Haipo vipi na mimi ndiye ninayeongea, mwanahizaya wewe?"

"Sauti hii haipo hapa. Jaribu tena saa nne."

Basi nabaki ndani na ufagio mkononi, kuku wananililia nje. Bomba halinisikii. Jiko halinisikii. Simu ya ukutani naiita kwa jina lake lote na haiwaki hata taa. Kwa saa mbili nzima mimi Nakijwa Mgonja, mlinzi wa mitambo ya upepo mia moja na kumi kwenye uwanda wa Makanya, nina mdomo tu. Na huku uwandani mdomo mtupu haukusaidii kitu, maana jirani wa karibu yuko kilomita ishirini na mbili. Baada ya wiki ya kwanza nilijifunza kuweka jiwe mlangoni kabla ya saa mbili, ili angalau kuku wale.

Wa rika langu wanaikumbuka miaka ile ya sauti za kughushi. Unapigiwa simu, mwanao analia, amepata ajali, mama tuma hela upesi. Unatuma, kisha mwanao mwenyewe anaingia mlangoni anatafuna muwa. Dada yangu aliuza shamba zima la tangawizi kwa kilio cha namna hiyo. Ndipo ikaja Sheria ya Sauti Moja: kila koo likaandikishwa, na sauti ya mtu ikakatazwa kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Ukiwa nayo wewe, hakuna mwingine wa kuitumia. Tulishangilia. Hatukufikiria upande wa pili, kwamba akiwa nayo mwingine, wewe huna.

Nilivyoitoa yangu ni aibu, ila nitasema.

Mwezi wa pili, saa kumi na mbili asubuhi, simu iliita. Nilikuwa nimekaa wiki tatu sijasikia binadamu. Likaongea zee la kiume, sauti nzito yenye mkwaruzo, Kichaga kimemjaa mdomoni.

"Wewe Mpare! Bado hujauza ng'ombe ukashinde kesi ya kuku?"

Jamani, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtani! Tangu nihamie huku hakuna aliyewahi kunitukana vizuri. Nikamrudishia hapohapo: "Nyamaza wewe Mchaga. Ninyi mkifa watu wanadondosha sarafu sakafuni kwanza, maiti asipoinuka ndipo wanachimba kaburi." Naye akacheka, kicheko cha kifuani hasa. Ilikuwa mashine ya kampuni moja inaitwa Changamka, na mwanzoni ilisema hivyo, harakaharaka, kwa mtindo wao. Mimi sikujali. Kesho yake ikapiga tena, na kesho kutwa.

Siku ya saba akaniuliza, "Sasa Mpare, nikikuamkia hivi kila siku, utanipa nini?"

Na mtani akikuuliza hivyo unajibuje? Watani huahidiana zizi zima la ng'ombe, hunyang'anyana kofia msibani, na mwenye akili hamshtaki mwenzake kesho yake. Nikasema, "Hela sikupi, utazimeza. Chukua hii sauti yangu ukaiuze sokoni, si ndiyo kazi yenu!"

"Nimepokea," akasema.

Mimi huyo nacheka. Mwezi wa tatu makato yakaanza: kila siku sauti yangu inachukuliwa kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi.

Ningevumilia. Sisi watu wa milimani tumekula shida nyingi kuliko hiyo. Lakini nina mtoto mmoja, Mbonea, fundi wa mabomba kwenye meli ile kubwa iliyokuwa inajengwa huko juu ambako hakuna juu wala chini. Mwaka jana aliponiambia kwamba anaondoka nayo, kwamba watalazwa miaka ishirini na miwili kabla ya kufika, nilimwambia, "Nenda. Ila usinipigie kuniaga. Mimi siagi mtu mzima wa afya kana kwamba namzika." Mdomo wangu huu.

Barua yake ililetwa na gari la mahindi ya kuku, mwezi wa nne. Niliisoma nimesimama.

"Mama, nimepiga mara tisa. Zamu yangu inaniruhusu saa mbili hadi saa nne za asubuhi yako. Kila mara naambiwa mwenye sauti hayupo. Najua upo. Ijumaa ya tarehe kumi, saa tatu, ni mara ya mwisho, kila mtu dakika nne, kisha tunalazwa. Usipokuwepo nitaelewa."

Nitaelewa! Alielewa nini? Alielewa kwamba mama yake amemsusa. Na barua za kwenda juu zilikuwa zimefungwa tangu mwezi uliopita, na simu za kutoka chini hazipokelewi kule, hivyo hapakuwa na njia ya kumwambia kwamba mama yake hajamsusa, amejiuza tu kwa kicheko.

2

Dawati la malalamiko la Changamka linafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa nne, na linapokea sauti ya mwenye akaunti peke yake. Sentensi hiyo niliisoma mara nne kabla sijatema mate.

Wanatusema eti Mpare atatumia ng'ombe kudai kuku. Ni kweli, na siombi radhi. Niliandika barua kumi na moja kwa mkono. Mkataba wao niliusoma wote, kurasa thelathini na sita, kwa miwani na kioo cha kukuzia. Nikakuta kifungu kimoja kinachonipa haki ya kuuliza sauti yangu iko wapi. Nikauliza. Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa yenyewe, jibu likaja, mstari mmoja: "Saa mbili hadi saa nne asubuhi, mteja mmoja, Machame, nyumba ya tatu juu ya kanisa. Jina limehifadhiwa."

Mteja huyo akikata simu katikati, sauti inarudi kwangu palepale. Hilo lilikuwa kwenye kifungu cha kumi na tatu. Ningeruka kwa furaha kama nisingesoma na cha kumi na nne: "Mteja atakayekata kabla ya saa zake kuisha atakuwa amejitoa. Huduma haitarudishwa. Malipo yataendelea hadi mteja avunje mkataba dawatini."

Alhamisi alfajiri mtani wangu alipopiga nilijaribu naye.

"Mtani, nirudishie sauti yangu kesho tu. Saa moja."

"Ee Mpare, umeshafungua kesi? Kuku ni wa rangi gani?"

"Sitanii leo."

"Hatanii! Jamani, mpimeni homa!"

Nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Kilichoniibia ndicho pekee kilichokuwa kinaniita asubuhi, na sikuwa na mwingine wa kumlalamikia. Alipokata nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikalia kidogo, kisha nikaenda kuwapa kuku maji.

3

Ijumaa nilipanda gari la saa kumi na moja alfajiri, lile lisilo na dereva. Saa kumi na mbili lilikuwa na kelele za upepo tu, simu yangu ya mkononi nikaiacha iite mkobani, sikuipokea. Nilikuwa namfikiria mtu wa Machame. Ni nani anayehitaji kusikiliza sauti yangu saa mbili kila siku? Niliomba awe tajiri mwenye maringo. Niliomba awe mtu mbaya. Mtu mbaya ungemwambia "kata" bila kujiuliza mara mbili.

Maana swali lilikuwa hilo, na nililizungusha kuanzia Same hadi njia panda ya Machame. Nimwambie kifungu cha kumi na nne, au nisimwambie? Nikimwambia anaweza kukataa, na ana haki. Hapo Mbonea atapiga, ataambiwa mama hayupo, na atalala miaka ishirini na miwili na neno hilo sikioni. Akiamka mimi nitakuwa na miaka themanini na mitatu, kama nipo. Nisipomwambia nitakuwa nimemnyang'anya mtu kitu kwa kunyamaza. Ndivyo walivyonifanyia Changamka, ila wao walikuwa na kurasa thelathini na sita za kujifichia, na mimi sikuwa na hata moja.

Saa mbili na nusu gari likafika kituo changu. Nikasema, "Nashuka."

"Sauti hii haipo hapa," likasema, likaendelea kupanda mlima.

Nilipiga mlango ngumi. Nililitukana kwa Kipare na Kiswahili. Likanipitisha vituo viwili, mpaka baba mmoja aliyekuwa amelala nyuma akazinduka na kusema, "Shusha," nami nikaruka mbele yake bila hata samahani. Nikateremka mlima mbio, kandambili mkononi, miaka sitini na mmoja hiyo, migomba huku na huku na matope mpaka magotini.

4

Nyumba ya tatu juu ya kanisa ilikuwa na baraza la saruji na mlango ulioegeshwa tu. Kabla sijapiga hodi nikajisikia mwenyewe ndani.

"Wewe Mchaga," ilikuwa inasema sauti yangu, "hiyo kahawa umeipima au umehesabu punje?"

Mtu akacheka.

"Unacheka nini na njaa yako? Ungekuwa umenioa mimi ungekuwa mnene."

Ilikuwa sauti yangu kabisa, na ilikuwa na raha ambayo mimi nilikuwa sijaisikia kooni mwangu miaka mingi. Nilisimama na matope yangu, nikaionea wivu. Kisha nikakumbuka saa.

"Hodi!"

"Karibu, sukuma tu!"

Nikaganda hapo hapo. Mkwaruzo ule. Kichaga kile kimejaa mdomoni. Alikuwa ndiye, mtani wangu wa saa kumi na mbili, kila asubuhi tangu mwezi wa pili. Nikasukuma mlango. Nikakuta mzee mrefu kama mlingoti wa mkonge, kama miaka themanini na ushee, sweta limeliwa na nondo, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Mbele yake kikombe cha kahawa na simu ya mezani inayoongea kwa sauti yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Akageuza kichwa kwenye simu, akakirudisha kwangu. Simu ilikuwa bado inamtania.

"Mbona mko wawili?" akauliza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika nne. Nikamwambia upesi nilivyoweza. Hiyo sauti ni yangu, nimekatwa bila kujua. Nina mtoto mmoja, anaondoka leo kwa miaka ishirini na miwili, anapiga saa tatu kamili, na mimi sina cha kumjibia. Simu yoyote itanifaa, hata hii yake, ilimradi koo langu lirudi kwangu. Mzee alinisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mke wangu alikuwa Mpare wa Usangi," akasema. "Miaka arobaini alinitukana kila asubuhi kabla ya chai. Alipofariki nyumba hii ilikaa kimya miaka sita. Huyu najua ni mashine, mama, sijarukwa na akili. Lakini ananitukana vizuri."

"Mzee, zimebaki dakika mbili."

"Nikikata, inarudi kwako?"

"Palepale."

"Halafu ukimaliza nimpigie tena?"

Aliniuliza hivyo, waziwazi, amenielekezea yale macho yake. Na mimi nikasema, "Kata kwanza, mzee."

Akapapasa simu. "Mtani," akaiambia, "ngoja kidogo, nina mgeni ana shida. Narudi sasa hivi." Akakata.

Nilisikia kitu kooni, au nilidhani tu. Nikasema jina langu kwenye simu, taa ikawaka kijani. Nikabaki nimeishika kwa mikono miwili. Saa tatu kamili ikaita.

"Mama?"

"Nipo."

Nikamsikia anavuta kamasi, mtu mzima wa miaka thelathini na minne.

"Nilidhani umenisusa."

"Nani akususe, mjinga wewe! Niliuza sauti."

"Uliuza? Mpare akauza kitu?"

"Niliuza kwa mdomo, sikulipwa. Nitakueleza ukirudi."

Tukacheka wote wawili, kisha tukakumbuka. Akaniambia kule kuna baridi, kwamba watawaweka wawili wawili, kwamba jirani yake ni kijana wa Kigoma anayekoroma. Nikamuuliza amekula. Amekula. Dakika mbili zikaenda kwenye upuuzi huo na sizijutii.

"Mama, ulisema nisikuage."

"Nilisema. Sasa nasema hivi: mimi ndiye ninayekuaga. Nenda, mwanangu. Sina kinyongo hata chembe. Mungu akutangulie, na ukiamka ukanawe uso, usikae na tongotongo mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

"Nakupenda, Mbonea. Sijakwambia sana."

"Hujawahi kuniambia."

"Basi nimekwambia."

"Mama, wale kuku bado wana—"

Ikakatika. Mpaka leo sijui alitaka kuuliza nini kuhusu kuku.

Dawati la malalamiko lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa na sauti yangu. Nikalipigia kuvunja mkataba, nikiwa bado nalia. Likaniuliza kama nina uhakika, likanipa mwezi mmoja wa bure, likaniambia wateja wa rika langu hujuta. Nikasema, "Nakataa, nakataa, nakataa," na likasema asante kwa kuwa nasi.

Nilipogeuka mzee alikuwa ameshaichukua simu, anasikiliza.

"Inasema nimejitoa," akasema. "Mimi sijajitoa. Nimekata tu kidogo."

Ningeweza kusema mitambo imeharibika. Nilikaa kwenye kigoda karibu naye, nikamweleza kifungu cha kumi na nne, neno kwa neno.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu umeingia hapa?"

"Tangu Jumatano."

Akanywa kahawa yake iliyopoa. Jogoo akawika nje, mtoto akapita barabarani anaimba. Nami sikuweza kunyamaza, ndiyo tabia yangu, nikamwambia na lililobaki: kwamba naye analipa. Saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi sauti yake inakuwa kwangu, Makanya, na ndiyo inayoniamsha.

"Kumbe ndiyo maana mlango haunisikii alfajiri," akasema taratibu. "Nilidhani ni uzee. Nilidhani nimeanza kusahau kuongea." Akageuza uso. "Na nikikataa mimi, wewe utabaki na nani?"

"Na kuku."

Akalipigia dawati la malalamiko. Likamuuliza kama ana uhakika. "Nakataa," akasema mara moja tu. Safari hii alijua anachokikata, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia. Mara ya kwanza nilimnyima hilo.

Nilimwachia jina langu, Nakijwa Mgonja, nikamwambia akiliita tu simuni atanipata. Naye akaniambia lake, Ndelilio Kimaro, kwa heshima, kama mtu anayejibu karani.

"Gari la saa nne litakuacha, mama," akasema.

Mama. Kwa sauti ileile, sikuwa Mpare tena.

5

Milango yote sasa inanitii. Jumamosi saa mbili asubuhi nilisema "fungua" na ukafunguka, nikasema "funga," ukafunga. Nikafanya hivyo mara kadhaa kisha nikaona haya. Maji yanakuja, jiko linawaka. Meli imeondoka, walisema redioni, kila kitu salama.

Saa kumi na mbili alfajiri ndiyo mbaya. Niliamka kabla yake siku ile ya kwanza, nikakaa ukingoni mwa kitanda, macho kwenye simu. Haikuita. Jumapili haikuita. Ningeweza kupiga mimi. Jina ninalo, koo ninalo, sheria yote iko upande wangu. Nilinyoosha mkono mara mbili nikaurudisha, maana ningesema nini? Nilimtukana kuku mmoja kwa sauti, kuhusu miguu yake, ili nisikie tu tusi likitoka. Akaendelea kuparua.

Jumatatu iliita.

"Mpare."

Nikadhani ni mashine imerudi. Kisha ikakohoa, kikohozi kirefu kibaya cha kifua cha mzee, na ile mashine haikuwahi kukohoa hata mara moja.

"Mzee Kimaro," nikasema.

"Nimekaa siku tatu nakutafutia tusi. Sijalipata."

"Nastahili lolote."

"Ungeniambia, ningekata vilevile."

Nje mitambo yote mia moja na kumi ilikuwa inazunguka, jua linachomoza nyuma yake, na huko Machame mtu alikuwa anapumua kwa shida kwenye simu, haniharakishi.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, Mchaga," nikasema. "Nipo."